Mtuite Februari, msisubiri mahafali

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuzi kuhusu mahafali ya mjukuu wake. Alieleza kwamba watoto wa chekechea walipomaliza kupokea vyeti, wangali na majoho yao, spika zilifunguliwa nao wakaanza kukata viuno mbele ya mgeni rasmi, wazazi wakishangilia na simu mkononi. Mzee aliona haya, akainamisha kichwa. Mwisho wa barua akauliza ni nani anayewafundisha watoto wadogo mambo yale, akashauri hao "walimu wa dansi" wasakwe na kufungiwa.

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao wa kusakwa. Nafundisha ngoma na dansi hapa Mbagala, kwenye chumba kilichokuwa ghala la mahindi, nyuma ya mashine ya kusaga. Sijui ulikwenda shule gani wala ni nani aliyewafundisha wale watoto, lakini naweza kukueleza jambo lile linavyopikwa, kuanzia jikoni mpaka sahani, kwa sababu nami nimeshalipika.

Huanza na simu. Simu hiyo haiji Februari wala Mei. Inakuja Oktoba, jioni, mwalimu mkuu akiwa na haraka: "Mwalimu, habari za siku? Tuna mahafali mwezi ujao tarehe mbili. Tunataka kaburudani kadogo ka kuchangamsha. Watoto arobaini tu."

Arobaini tu! Nahesabu vidole, naona wiki tatu. Nauliza watoto nitawapata saa ngapi, naambiwa baada ya chakula, nusu saa, mara tatu kwa wiki. Nikifika nakuta uwanja ni kokoto, jua la saa saba liko utosini, na watoto wameshiba wali maharage, nusu wanasinzia. Wiki ya pili mwalimu wa kwaya naye anawataka saa ile ile. Siku moja inanyesha. Siku nyingine mpiga picha amekuja kupima majoho. Mwisho wa hesabu nimekaa na watoto wale saa tatu, nne nikibahatika.

Sasa niambie, mzee wangu, mtoto wa miaka mitano unamfundisha nini kwa saa nne? Humfundishi kitu. Unachukua alichokuja nacho, na alichokuja nacho amekipata kwenye simu ya mama yake. Unawasha wimbo anaoujua, unawapanga, warefu nyuma wafupi mbele, unamwambia binti mwenye meno ya mbele yaliyong'oka atabasamu, basi. Umemaliza kazi. Wimbo ukifika pale pa kukatika watakatika, maana kwenye simu wanakatika. Hakuna aliyewafundisha. Kosa ni kwamba hakuna aliyewafundisha.

Nusu ya barua yako kwa hiyo nakupa mkono. Ile nusu ya kutufungia ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Maana kiuno chenyewe hakina hatia, na hapa nitasimama kidogo. Nilisoma Chuo cha Sanaa Bagamoyo, siku hizi tunakiita TaSUBa. Niliingia 1986, chuo kikiwa na miaka mitano tu tangu kianze. Baadhi ya walionifundisha walikuwa wachezaji wa lile kundi la ngoma la taifa la miaka ya 1960 na 1970. Ngoma ya kwanza kuingia miguuni mwangu ilikuwa sindimba, ya Wamakonde, na kila Mtanzania aliyeisikia sindimba anadhani anaijua: ngoma ya kiuno. Mwalimu wetu alitukataza kugusa habari ya kiuno kwa wiki tano. Tulikunja magoti. Tulikanyaga kisigino. Tulikunja magoti tena. Asubuhi tulikimbia ufukweni, jioni tukakanyaga tena, tukilalamika kwamba sisi si askari. Wiki ya sita akaingiza ngoma kubwa, akatuambia tusifanye chochote ila kuusikiliza mguu. Viuno vikaanza kwenda vyenyewe.

Ndiyo siri yake. Goti likikunjwa sawasawa na kisigino kikiipata ngoma pale inapotakiwa, kiuno hakitikiswi, kinatikisika. Njuga za mguuni ndizo mashahidi: mtoto anayetikisa kiuno kwa kukilazimisha, njuga zake hulia ovyo kama sarafu kwenye kopo. Ukikiona kiuno kimetangulia mguu, jua hapo hapakuwa na mwalimu. Na huko Newala na Mtwara kiuno hicho kilikuwa na mahali pake, na wakati wake, na mabibi wa unyago waliojua nini kinasemwa kwa nani. Tulipokipandisha jukwaani tuliwaacha mabibi chini. Nalisema hilo bila kujificha, maana lilifanywa na kizazi cha walimu wangu na sisi tukalizidisha.

Tena tulilizidisha kweli. Nilipotoka Bagamoyo niliingia kwenye kikundi cha sanaa hapa Dar es Salaam, enzi zile kikundi kimoja kinakupa kwa kiingilio kimoja ngoma, sarakasi, vichekesho na taarabu, kuanzia jioni mpaka usiku wa manane, kwenye baa. Ngoma ilikuwa ya kufungulia, watu wakiwa bado wanatafuta viti. Mwenye baa alikuwa akija nyuma ya pazia na kutuambia, "Leo ongezeni chumvi." Chumvi tulijua ni nini. Tuliongeza. Lizombe ya Wangoni iliongezwa chumvi, gombe sugu ikaongezwa chumvi, hata ngoma ambazo kwao mtu hakati kiuno kabisa zikapewa kiuno, bia zikatoka. Siwezi leo, nikiwa na miaka hamsini na tisa na magoti yanayobashiri mvua kabla ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, nijifanye sikuwepo.

Kwa hiyo mzee akisema ngoma imeharibiwa, sitabisha. Ninachobisha ni dawa yake. Ukimfungia mwalimu, simu ya mama haifungwi.

Nieleze sasa biashara yenyewe ilivyo, maana watu wengi wanadhani mwenye "studio ya dansi" ana vioo ukuta mzima na kiyoyozi. Chumba changu kina urefu wa hatua kumi na nne na upana wa hatua tisa. Kodi ni shilingi 200,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Mashine ikiwa inasaga, hatusikilizani, hivyo nimepanga vipindi kwa kumfuata fundi mashine: Jumamosi na Jumapili kuanzia saa nane mchana, yeye akienda kula. Asubuhi ya Jumamosi siwezi kwa sababu watoto wako madrasa, na Jumapili asubuhi wengine wako kanisani. Unga unaingia kila mahali. Ngozi za ngoma zangu zina rangi ya dona.

Watoto waliojiandikisha ni 26. Ada ni 25,000 kwa mwezi. Wanaolipa ni 17, na kati ya hao wanaolipa kabla ya tarehe kumi ni wanne, nawaombea dua. Hiyo ni 425,000. Toa kodi. Toa wapigaji wangu wawili, 10,000 kila mmoja kwa kila siku ya mazoezi, siku nane kwa mwezi, jumla 160,000. Toa umeme wa LUKU 20,000. Inabaki 45,000, na hapo ngozi moja ikipasuka mwezi umekwisha. Watu hunishauri niachane na wapigaji, niweke muziki wa kwenye simu. Nitarudi kwenye hilo.

Ndiyo sababu simu ya Oktoba nilikuwa naipokea. Shule tano kwa msimu, kila moja 150,000, ni 750,000, ndiyo kodi ya miezi mitatu na ushee. Mwalimu mkuu anajua nina njaa, mimi najua ana haraka, tunakutana hapo katikati, na watoto ndio wanaopandishwa jukwaani.

Jambo jingine linalokula pesa yangu ni sakafu, na katika mambo yote ya kazi hii ndilo ambalo sijawahi kuliona likiandikwa gazetini. Ngoma zetu zote zilizaliwa kwenye udongo. Udongo ukiukanyaga unakubali kidogo. Saruji haikubali chochote. Kishindo chote kinarudi kwenye kifundo, kinapanda muundi, kinafika gotini. Mwaka wangu wa kwanza hapa, watoto watatu walianza kulalamika miundi inawauma usiku, mama mmoja akadhani ni malaria. Nilikuwa nawakanyagisha visigino saa mbili nzima juu ya saruji iliyomwagwa kubebea magunia. Nililia siku ile, kwa sababu magoti yangu mwenyewe yameishia kwenye saruji za baa na nilipaswa kujua.

Fundi seremala wa jirani alinisaidia. Tulikata tairi kuukuu za malori vipande vya kiasi cha kiganja, tukavipigilia chini ya fremu za mbao, juu tukatandaza plaiwudi. Kati ya ubao na saruji kuna nafasi ya vidole vitatu, na ile nafasi ndiyo inayofanya kazi. Ukikanyaga, ubao unashuka kidogo na kukurudisha. Ilinichukua miaka miwili kuifunika nusu ya chumba. Nusu nyingine bado ni saruji, hapo wanakaa wapigaji na wazazi. Wakuu wa shule waniwie radhi, lakini nikija kwenu nikakataa ile sakafu ya vigae vinavyong'aa ya ukumbini na kuomba watoto wachezee chini ya mwembe, sina ushamba. Mwembe ndio studio bora mliyo nayo.

Kioo ninacho kimoja, nilikinunua saluni moja ilipofunga. Nimekifunika kanga. Wazazi wanaokuja kuandikisha huuliza kwa nini, maana kwenye video za studio za nje wameona vioo. Mtoto mwenye kioo anajitazama. Ngoma inataka amtazame mwenzake wa mbele na amsikilize mpigaji. Nikifika wiki ya kumi kanga naitoa, wanajiona mara moja, wanacheka, narudisha.

Na hapo ndipo niliposema nitarudi, kwa wapigaji. Mtoto aliyejifunza kwa muziki wa simu huhesabu: moja mpaka nane, moja mpaka nane, kwa sababu wimbo ule hauna siku utakayobadilika. Kwa dansi za kumbini ni sawa, na mimi mwenyewe rumba nitaifia. Lakini ngoma yetu haikuahidi kubadilika kwenye nane. Mpigaji wa ngoma kubwa ndiye anayekata shauri. Akikuona umechoka anakuvusha, akikuona umepata moto anakukalisha pale pale, kisha anapiga ishara na mstari mzima unageuka. Mtoto anayehesabu kichwani haisikii ishara. Nimekuwa nao wengi wa namna hiyo, wazuri sana, wenye viungo laini, na ngoma ikigeuka wanabaki wameangalia baharini peke yao. Inachukua wiki nne kuwatoa kwenye hesabu. Nawafumbisha macho, nawaambia wapige makofi pale tu ngoma kubwa inapouliza. Siku ya kwanza ni vurugu. Siku ya nane unasikia makofi ishirini yanatoka kama kofi moja, na mpigaji wangu mkubwa, mzee wa Kizaramo asiyesifu mtu, anatikisa kichwa.

Sisemi haya kwa kuudharau muziki wa vijana. Singeli ninayoisikia kila usiku mtaani kwetu ina damu ya mchiriku, na mchiriku una damu ya ngoma za Wazaramo walewale. Nina darasa la vijana wakubwa Jumapili, wanacheza singeli, na nimewapeleka kwa huyo mzee awapigie mdundiko wasikie singeli yao imetoka tumbo gani. Walishangaa. Mmoja alisema, "Bibi, kumbe na nyie mlikuwa na spidi." Nilimwambia spidi tulikuwa nayo, tulichokosa ni umeme.

Sasa nieleze kwa nini nasema Februari.

Mwaka juzi nilichoka. Nilitoka kwenye mahafali moja nikiwa nimefanya hayo hayo aliyoyaona mzee, nikapewa bahasha yangu, na mlangoni bibi mmoja aliyejifunga ushungi akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, na wewe una wajukuu?" Sikumjibu. Nilipofika nyumbani niliandika ujumbe kwa wakuu wote wa shule walio kwenye simu yangu: kuanzia mwakani anayenitaka aniite Februari, Oktoba sitapokea. Shule tatu kati ya tano hazikunitafuta tena. Moja ilinijibu "Sawa, Mwalimu" na kumchukua kijana mwenye spika. Moja, ya msingi ya serikali, yenye madarasa yaliyojaa mpaka dirishani, ikaniita.

Mwalimu mkuu wake ni mwanamama aliyesema neno ambalo sijalisikia kwa mwingine: "Kwenye mtaala tuna Sanaa na Michezo, na kipindi kile kila siku hesabu inakila. Kichukue wewe." Kweli somo hilo limo kwenye mtaala ulioanza kutumika 2024, na hata UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, yana ngoma ndani yake, mlango upo, hausukumwi tu. Basi nikapewa Jumatano, darasa la tano, watoto 32, chini ya mwembe. Malipo tulikubaliana 30,000 kwa mwezi kutoka michango ya wazazi. Mpigaji nikamlipa humo humo. Si pesa ya kujengea nyumba. Lakini kwa miezi tisa ni 270,000, na shule ileile ingenipa 150,000 kwa wiki tatu za kuharibu.

Tulianza kwa kutembea. Mwezi mzima watoto wanatembea, wanasimama, wanageuka. Baba mmoja alikuja kumwondoa mwanawe wa kiume akisema dansi haimfai mwanamume. Nilimkalisha. Nilimwuliza kwao wapi, akasema Magu. Nikamwuliza bugobogobo ya kwao, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma, inachezwa na nani. Akacheka, akaniachia mtoto, na Jumatano iliyofuata akaja mwenyewe kutuonyesha jembe linavyozungushwa. Majembe yetu yalikuwa mipini mitupu, bila chuma, kwa sababu siku ya kwanza tu mtoto alimgonga mwenzake kisogoni. Kulikuwa pia na binti aliyetaka ngoma zaidi ya kucheza, mama yake hataki mtoto wa kike apige ngoma. Nilimweleza habari za muheme wa Wagogo, kule Dodoma wanaopiga ni wanawake, ngoma wamezibana mapajani. Yule binti leo anapiga chapuo, ile ngoma ndogo, kuliko mpwa wangu ninayemlipa.

Siku ya mahafali mvua ilinyesha alfajiri. Ngozi zikalegea, ngoma zikawa zinatoa sauti ya ndoo. Mzee wangu wa Kizaramo akatazama huku na huku, hakuna makuti makavu, hakuna pa kuwasha moto. Akaenda kwa wapishi wa pilau. Nikamkuta amezipanga ngoma nne kuzunguka mafiga, anazigeuza moja moja kama anaoka samaki, mpishi mkuu anamfokea kwamba majivu yataingia kwenye sufuria. MC alishatuita mara mbili. Kijana wa spika akasema si awashe wimbo tu? Mwalimu mkuu, nampenda mama yule, akashika kipaza sauti akamwambia mgeni rasmi tusubiri, ngoma zinaota moto.

Tulicheza dakika kumi na mbili. Dakika ya tatu wazazi wakaanza kuja kutunza. Hili nalo nalisema kwa heshima: mnapomjia mtoto katikati ya mstari kumbandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso, mnauvunja mstari, na wa nyuma yake anamkanyaga. Tulikuwa tumewafundisha hilo pia, mzazi akija usimwangalie, sikiliza ngoma. Noti zikaanguka, watoto wakazikanyaga kwa visigino, mstari ukageuka pale mzee alipotaka ugeuke. Viuno vilikuwepo, mzee msomaji, vilikwenda kwa nguvu. Na sikumwona bibi hata mmoja aliyeinamisha kichwa. Waliokuwa na asili ya kusini walisimama, wakajifunga kanga, wakaingia.

Kisha mgeni rasmi akatoa hotuba, akakumbusha maneno ya Mwalimu Nyerere bungeni, Desemba 1962, alipounda wizara ya utamaduni: kwamba wengi wetu tumejifunza rumba na chachacha, hata waltz na foxtrot, lakini ni wangapi wanaijua gombe sugu au lelemama. Hotuba hiyo nimeisikia kwenye mahafali labda ishirini. Mara nyingi ikimalizika MC husema "na sasa burudani", spika inafunguliwa, na unajua kinachofuata. Siku ile watoto walikuwa bado wanahema, njuga miguuni.

Sasa wakuu wa shule, na nyinyi wazazi mlio kwenye kamati za mahafali, maana nyinyi ndio mnaopanga bajeti. Mnachanga turubai, keki, majoho, mpiga picha wa video na maji ya chupa ya mgeni rasmi, na mstari wa mwisho, ukibaki, unaandikwa "burudani". Hamisheni mstari huo uende mwanzo wa mwaka. Mwalimu wa ngoma yuko kila mtaa. Kama si mimi kuna mwingine, vijana wengi wamemaliza Bagamoyo na wanaendesha bodaboda. Mpeni nusu siku kwa wiki, mti wenye kivuli, na pesa kidogo kila mwezi badala ya bahasha moja ya aibu. Mwulizeni amefundishwa wapi. Mwambieni mnataka kuona mazoezi, mkae muangalie, kama mnavyokwenda kukagua daftari. Na akiwaambia wiki tatu zinamtosha, msimchukue, hata akiwa mimi.

Mzee msomaji sijamsahau. Mwaka huu shule zilizoniita Februari ni mbili, na wale wangu wa Jumamosi wako wiki ya sita ya sindimba, ndiyo wiki ninayoipenda. Aje na mjukuu wake. Akifika Mbagala aulize mashine ya kusaga iliyo jirani na msikiti wa bati jekundu, azunguke nyuma, kuanzia saa nane na nusu. Kiti kipo upande wa saruji. Akitaka kupita kwenye mbao zangu, avue viatu.

Ni mimi,
Mwalimu wa ngoma,
Mbagala, Dar es Salaam